Bantu mu Programu ya Colis

13 janvier 2025, lundi

Ingénieur Guelord alisema: "Donat, kila siku andika machine imefanya nini. Ikiwaka, andika. Ikikatala, andika. Siku nitarudia, nitasoma." Njo maana niko naandika. Miye nilifika paka sixième primaire, kwetu Mitwaba, na mukono yangu haiko muzuri.

Tuko mu depo ya Mama Kasoki, Kamalondo. Ni agence ya colis. Camion yake inaendaka Kalemie, ingine inapitaka Kasumbalesa mpaka Uganda, mpaka kwabo na Mama, ku Butembo, Nord-Kivu. Bantu balikuwa banakuya kutusumbua kila siku: colis yangu iko wapi? Sasa Guelord alitia mu machine paquet moya yenye kuwa na byote ndani: serveur yenye kuonyesha, base yenye kuchunga majina, byote pamoya. Unabonyeza mara moya, inaingia. Alicheka: "Ni bukari yenye ilishapikwa. Weye kazi yako ni kukula tu."

Chini ku kona ya écran kuko icône kadogo. Ikiwa nyekundu, byote binalala. Ikiwa orange, moya imeamuka, mwenzake angali analala. Ikiwa verte, byote bibili binatumika. Muntu anaingia mu cour, anakamata Wi-Fi yetu ku téléphone, anaandika jina, anaona: iko njiani. Ao: imefika. Haiombe internet. Lakini ukipita mulango ya inje, hauone kitu.

14 janvier

Verte.

15 janvier

Courant ilienda, ikarudia. Icône orange. Guelord alisema programu ingine imekamata mulango ya serveur, nifunge ile. Nilifunga. Verte.

18 janvier, samedi

Guelord alipata kazi ku mine, Kinsevere. Ameenda. Aliniachia flash: "Kila samedi, copie dossier hii, utie mu mufuko." Alinionyesha mara moya, mbio-mbio. Nilikuwa na haya ya kumuambia arudilie.

Alphonse, mukubwa wa bale banabebaka mizigo, alisema mbele ya bote: "Angalieni ingénieur mupya! Anaogopaka hata kuku ya jirani." Balicheka. Na miye nilicheka.

20 janvier

Verte. Nataka kuandika kidogo juu ya Mama Kasoki. Bwana yake alishakufa, depo ni yake peke yake. Namuogopa. Akisema, hata muntu mwenye mufuko ya maharagi ku kichwa anasimama. Lakini kila asubui, mbele tufungule, anaitaka ku téléphone binti yake Jemima ku Goma, mwenye kusoma infirmière, kazi ya kutunza bagonjwa. Anatia haut-parleur, siye bote tunasikia.

"Mama, dawa ya tension ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Bongo. Haujakunywa. Kunywa sasa, niko nasikiliza."

Na Mama anakunywa. Njo saa moya tu namuonaka anacheka.

27 janvier

Ba rebelles baliingia Goma. Mama aliita. Téléphone ikasema maneno yake, ikakatika. Akaita tena. Bantu balisimama ku mulango, hakuna mwenye aliwaza kubafungulia.

28 janvier

Mvula. Anaita tu.

29 janvier

Leo cour ilijaa. Bote ni bantu ba Nord-Kivu: ba commerçant, ba chauffeur, ba mama ba kanisa. Ku Goma hakuna courant, hakuna réseau. Balikuya kwetu juu camion ya Mama inatembea mbali, na chauffeur Kambale anakutanaka na bantu mu njia yote. Kila moya anamukamata shati: "Kambale, ukimuona mutoto wangu..." Kambale anaitikia bote. Nyuma aliniambia mu sikio: "Petit, nilishasahau nusu."

Mama alinigeukia. "Donat. Ile programu inawekaka colis. Haiweze kuweka muntu?"

"Mama, siyui."

"Jaribu."

Nilijaribu. Fasi ya mutumaji, tukaandika mwenye kutafuta. Fasi ya colis, jina ya mwenye kupotea. Fasi ya kutokea, kule balimuona mara ya mwisho. Statut: iko njiani. Nikabonyeza. Machine ikakatala. Inaomba poids. Bila kilo, haiandike.

"Kilo!" Alphonse alipiga kicheko. "Sasa tutabapandisha ku bascule!"

"Alphonse, funga kinywa," Mama alisema. "Donat, tia kilo moya kwa bote."

Lakini bantu balikatala. Papa Godefroid, mzee moya maçon, alitafuta mutoto wake Lévi. Alisukuma mukono yangu ku clavier. "Lévi wangu, kilo moya? Ule anabebaka mifuko mbili ya ciment! Tia makumi nane." Nyuma yake mama moya alisema polepole: "Wangu utie tatu na nusu. Alizaliwa mu Noël." Hakuna mwenye alicheka tena.

Tena kwabo jina inafuata vile muntu alizaliwa, kila nyumba iko na Kambale yake, na Kasoki yake. Tuliongeza jina ya baba ku kila moya, tusibachanganye.

Wa kwanza tuliandika ni Jemima. Mama alitaya byote bila kufikiri, kama muntu anataya jina yake mwenyewe.

3 février

Verte. Banasimama mu mvula na téléphone. Banaangalia, banaenda, kesho banarudia.

Sasa Mama haite tena Goma ku téléphone asubui. Ananiuliza miye: "Na Jemima?"

"Iko njiani, Mama."

7 février

Courant ilikatika mara nyingi. Niliwasha, icône ikabakia orange. Base haiamuke. Cour yote ilikuwa inaniangalia ku mugongo, nilisikia macho yabo kama jua. Niliita Guelord. Hakushika, juu kule banabanyanganyaka téléphone ku barrière. Magaribi njo aliita: "Kuko fasi ya kurekebisha table za base moya-moya. Bonyeza, subiri, usiguse kitu." Nilisubiri. Verte.

Nilienda nyuma ya mifuko, nikalia. Alphonse alinipata kule. Aliniangalia, akasema tu: "Utatia chumvi mu maharagi ya bantu." Akaenda. Hakuambia mwenzake.

8 février, samedi

Verte. Nilicopier dossier.

11 février

Kambale aliita, eko Kalemie. Aliona ku bateau ya ziwa mama moya na batoto batatu, balikuwa mu machine yetu. Nilibadilisha: imefika, Kalemie. Bwana yake alikuwa mu cour, aliona ku téléphone mbele nimuambie. Aliingia ndani mbio, akakamata hii mikono yangu mbili, akaanza kuimba ya kanisa. Mama Kasoki aliimba naye mpaka mwisho. Nyuma akapangusa uso.

"Na Jemima?"

"Iko njiani, Mama."

17 février

Bukavu nayo, ba rebelles baliingia. Tuliandika bantu mpaka vidole vinauma. Alphonse alinipikia chai.

22 février, samedi

"Na Jemima?" "Iko njiani, Mama." Verte. Nilicopier.

28 février

Nitaandika mingi leo. Siyui kama Guelord atasoma.

Asubui icône ilikuwa verte. Mama aliuliza. Niliandika jina. Machine ikasema: hakuna colis kwa jina hii. Nikaandika tena. Hakuna. Nikatafuta Lévi wa Papa Godefroid. Hakuna. Nikatafuta katoto ka Noël. Hakuna. Bote ba 29 janvier habako. Ba 30 bako, ba février bako.

Nikakimbilia flash. Dossier ilikuwa mule, muzuri kabisa: rangi, picha ya camion, fasi ya kuandika majina. Bantu habako. Base iko mu dossier ingine. Kila samedi nilikuwa nabeba nyumba, na benye nyumba banabakia kule.

Mama alikuwa nyuma yangu. Hakupaza sauti.

"Tulibaandika lini?"

"Mwezi imepita, Mama."

Alikaa chini ku mufuko. "Basi ni miye," alisema.

Nikajua juu ya nini. Depo yote ya huku banafanyaka vile: colis yenye haina mwenyewe siku makumi tatu, inatoka, banaiuzisha, juu fasi haitoshe. Siku Guelord anatengeneza programu, Mama alimuambia: "Na yangu ifanye vile." Guelord akatia ile sheria ndani. Kila asubui tukifungula, machine inahesabu yenyewe, inatoa. Kesho itatoa ba 30. Kesho kutwa, bengine. Na siyui ile sheria inaikala wapi.

Mbele nitoke kubaambia bantu, balishaona. Papa Godefroid alisimama mu cour na téléphone yake, akaangalia, akaizima. Hakuuliza muntu. Alienda kwake. Mbele ya saa sita Alphonse alikuya mbio: "Kwa Godefroid balishatandika bâche! Bibi yake eko chini, banalia!"

"Donat, enda ubaambie," Mama alisema.

Miye. Miye mwenye nashindwaka kuomba mayi kwa jirani.

Nilienda. Matanga ilikuwa tayari: viti, moto, ba mama chini na vitambaa ku kiuno. Banamulilia Lévi. Nilisimama ku mulango mpaka muntu akanipa kiti. Nikakaa. Bakanipa chai. Niliikamata tu, sikuweza kukunywa. Nyuma Papa Godefroid aliniona.

"Njo kijana wa machine," aliambia bantu. Bote balinigeukia. "Sema, mutoto wangu. Usiogope."

"Papa, Lévi hakukufa."

"Ulimuona?"

"Hapana, Papa. Lakini ni machine njo ilimufuta."

"Njo tunasema. Ilimufuta. Juu ya nini ilimufuta?"

"Juu siku makumi tatu zimepita, na hakuna mwenye alikuya kumukamata."

Nilisikia maneno yangu ikitoka, na nikajua nimesema mubaya. Bibi ya Papa Godefroid alitoa sauti yenye siwezi kuandika. Bote bakaanza tena, nguvu kupita mbele. Muzee moya aligonga bega yangu: "Asante, kijana. Ni vizuri ulikuya kutuambia."

Sikujua namna ya kusimama. Nilikaa mule mpaka magaribi. Nililia Lévi pamoya nabo, na siyui kama alikufa.

1 mars, samedi

Asubui sikufungula programu. Niliogopa. Alphonse aliniona nakaa mbele ya écran.

"Inahesabu siku na nini?" aliuliza.

"Na tarehe yake, pale chini."

"Basi idanganye. Iambie ni janvier. Ba mukubwa ba huku banatudanganyaka kila siku, machine njo itakatala?"

Alikuwa anacheka. Lakini nilirudisha tarehe: 30 janvier. Nikafungula. Bale tulikuwa nabo yana, bote bako. Hakuna mwenye alitoka. Mama alifika, nikamuonyesha. Alitia mukono ku kichwa yangu, akaitoa mbio kama vile iko na moto.

Bale balitoka, tulibaandika tena. Jemima, na katoto ka Noël. Papa Godefroid hakukuya. Nilipita kwake, banakatala kunisikiliza, balishanyoa nywele ya matanga.

10 mars

Verte. Huku ni mars, mu machine ni février. Samedi nairudisha tena janvier. Mvula haikome.

15 mars, samedi

Nilirudisha. Mu machine, Goma ilianguka siku tatu zimepita tu. Sasa naangalia ile tarehe kuliko icône. Guelord nilimuita tena, haipite. Mama anaanza kukonda. Dawa yake ya tension iko ku dirisha, vumbi yulu yake. Nilitaka kumuambia akunywe. Sikuambia.

"Na Jemima?"

"Iko njiani, Mama."

22 mars, samedi

Guelord alikuya.

Alivaa botte ya mine, casque ku kiuno, alikuwa na furaha. "Nilisikia munafanya kazi ya Mungu na programu yangu!" Mama alimupa kiti. Kilio yote ilimutoka: siku makumi tatu, matanga, byote. Guelord alipiga mukono ku goti. "Mama, hiyo ni line moya! Dakika tano, natoa."

Alikaa fasi yangu. Alichomeka téléphone yake ku machine, aipe internet, juu anataka kushusha kitu cha kufungulia code. Miye nilisimama nyuma. Sikumuambia juu ya tarehe. Niliwaza Mama alishamuambia. Mama aliwaza miye.

Nikaona chini ku kona tarehe inaruka. Kidogo ilikuwa janvier, sasa ni 22 mars. Yenyewe. Internet njo iliiambia ukweli.

"Ingénieur," nilisema.

"Subiri, petit."

"Ingénieur, tarehe..."

"Subiri, mbele nione kama inatembea." Akafungula programu.

Ilitembea. Dakika moya haikuisha. Balibakia bachache tu, bale ba mwisho wa février. Bengine bote, bale machine iliamini ni ba janvier, na bale ba kwanza ba février, bote ikabatoa, vile tuliiambia itoe. Guelord aliangalia écran, akaangalia miye.

"Nani alibadilisha tarehe?"

Alphonse alisema ku mulango: "Ni miye." Haiko bongo sana, lakini ni bongo.

"Copie iko wapi?"

Nilimupa flash. Aliitia, akaona nyumba bila bantu. Nilimuona anafikiri ile siku alinionyesha mbio-mbio. Hakunitukana. Alitoa ile line. Jasho ilikuwa inamutoka kama muntu wa kawaida. Mbele nilimuonaka mukubwa sana.

"Sasa haitafuta tena, Mama," alisema.

"Itafuta nani?" Mama aliuliza.

Tukajaribu kuandika muntu moya, tuone. Machine ikamupa namba 613. Mule ndani balikuwa hata makumi mbili habafike, lakini namba haikurudia nyuma. Machine ilijua bote balipita, na haingetuambia ni banani.

24 mars

Kambale aliita, Kalemie. Ku paroisse moya kuko binti, alifika na bateau, amevaa blouse ya infirmière. Hasemi. Ba sœur banamuita Jemima juu jina iliandikwa ku blouse. Kambale hana picha ya kutuma, téléphone yake ni ya bouton.

Mama alienda kutafuta sac.

25 mars

Ameenda. Mama amekamata camion ya Kalemie, njia ya Mitwaba na Manono. Ba chauffeur bote balimuambia mu mvula hii hapana, matope inameza camion. Alipanda mbele na kitambaa ku kichwa na sac moya. Kwanza alinipa mufungulo ya depo.

"Donat, bantu bakikuya, ubaandike."

"Ndiyo, Mama."

"Na miye, usiniandike mule. Unasikia? Miye siko colis ya muntu."

"Ndiyo, Mama."

Nilimupa dawa yake ya ku dirisha. Nilishapangusa vumbi. Alinitazama, akaitia mu sac, akasema: "Nitakunywa." Nilijua ni bongo, lakini sikuweza kusema vile Jemima anasemaka.

26 mars

Verte. Nilicopier base, ile ya kweli. Bantu mingi habarudie tena mu cour.

29 mars, samedi

Tante yangu wa Mitwaba aliona camion inapita. Mama alishuka, akanunua mihogo. Tante alisema: "Ule mama wenu iko na roho nguvu." Nilifurahi siku muzima.

2 avril

Aliita mwenyewe, mbali ya Mitwaba, réseau inakatika-katika. "Matope iko mpaka ku mulango. Machine iko je?"

"Verte, Mama."

"Muzuri. Batterie inak..."

5 avril

Mvula. Haipite.

8 avril

Haipite. Verte.

9 avril

Kambale aliita. Ule binti wa paroisse alisema. Jina yake ni Delphine. Ni wa Uvira. Blouse ni ya mwenzake, alimupa ku bateau juu alikuwa na baridi.

"Mwenzake ni nani?" niliuliza. Nilipaza sauti, hata Alphonse alishituka.

"Binti moya tu, Delphine anasema. Jemima. Balitengana ku port, ule akapanda bateau ingine. Ya kwenda wapi, hayue."

"Na Mama?"

"Camion haijafika, petit. Hakuna camion yenye imefika tangu juma moya."

Basi miye njo niko na habari, na Mama njo eko mu matope anaenda fasi ambako Jemima hayuko. Niliita. Haipite. Niliita mpaka batterie yangu ikakufa.

12 avril, samedi

Asubui ba mama babili ba kanisa baliuliza ku mulango: "Mama Kasoki tunaweza kumuona mu machine?" Nilisema hapana. Balishangaa. Bakaenda.

Alphonse alikaa pembeni yangu, ku kiti ya Guelord. Hakufanya mchezo.

"Muandike."

"Alikatala."

"Nayua alikatala. Kuko ba chauffeur makumi mbili mu njia ile, kila moya ataita huku kuuliza atafute nani. Jina yake haiko, nani atamutafuta?"

Nilivuta clavier. Nyuma nilifungula. Fasi ya colis, niliandika Kasoki, na jina ya baba yake. Fasi ya kutokea, Mitwaba. Fasi ya mutumaji nilisimama. Mama hana muntu ingine hapa. Niliandika Donat.

Icône verte. Nilizima écran, nikatoka inje na téléphone yangu. Mvula ilikuwa inanyesha. Mu cour bantu balikuwa chini ya ba parapluie, banaangalia téléphone mu mikono yabo. Mama moya alisogea kidogo, akanipa fasi pembeni yake. Hakuniuliza niko natafuta nani.